Yule Bado Ni Bibi?

Binti yangu alikuwa na miaka sita mama yangu alipopatwa na kiharusi. Siku bibi aliporudi kutoka hospitali, mtoto alisimama mlangoni akimtazama: mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala mapajani. Hakuingia. Usiku akaniuliza, "Yule bado ni bibi?"

Swali lile lilinikesha. Hivi mtu tunamtambua kwa nini? Kama ni kwa maneno yake, huyu bibi wa hadithi za kila jioni sasa alitaka kikombe akasema "ufagio". Kama ni kwa mikono, mkono uliokuwa ukimsuka mjukuu haukuweza tena kushika kitana. Je, mtu hupungua kadiri viungo vyake vinavyopungua nguvu?

Wengi wetu hudhani kumfariji mtoto ni kumwondoa: "Bibi anaumwa kidogo, nenda kacheze." Mimi naiona faraja kuwa ni kuibeba huzuni pamoja na mwenye nayo. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitafutia sababu, na iliyo karibu naye ni yeye mwenyewe. Wangu aliamini bibi ameugua kwa kuwa yeye alikataa kutumwa dukani asubuhi ile. Aliposikia majirani wakinong'ona kwamba ni kurogwa, hatia ikapata mwenzake, hofu.

Nikamweleza kwamba ubongo hulishwa na damu. Mshipa mmoja umeziba, na sehemu iliyokosa damu ndiyo iliyokuwa ikiongoza maneno na mkono wa kulia. Ugonjwa huu hauambukizi. Si wewe uliyemsababishia. Maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi yote.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe jina langu analijua, ila halitoki?"

Nadhani kuelewa ndiko huko: kupata pa kukaa kando ya mgonjwa, hata kama jina la ugonjwa humpiga mtoto chenga. Kesho yake aliketi upande wa kushoto wa bibi, akamtia kitana katika mkono wenye nguvu, akainamisha kichwa. Bibi alichana polepole. Mstari ulikwenda upogo, na mtoto akanikataza kuurekebisha.

Ewe mwenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani, usimfungie mtoto mlango. Mwambie kweli kwa maneno anayoyamudu, kisha mwonyeshe upande wa kukaa.