NYUNDO YA MTI



Ukiingia katika lupango ya fundi wa mbao huku kwetu Katanga, chini ya mwembe utakuta meza yake, na juu ya meza nyundo mbili. Ya chuma ni ya misumari. Ya mti ameichonga mwenyewe, na ndiyo anayopigia patasi. Kwa nini? Kwa sababu mpini wa patasi nao ni mti. Ukiupiga kwa chuma kila siku, unapasuka, na patasi nzuri inakuharibikia mkononi. Lakini mti ukipiga mti, pigo linafika mpaka kwenye makali na kazi inakwenda mbele.

Tuangalie jinsi anavyoichonga. Kichwa chake ni kipande cha mti mgumu na mzito, kama mukula, urefu sentimita 15 hivi. Sharti kiwe kimekauka. Mafundi huhesabu karibu mwaka 1 kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Ndiyo maana wenye akili hutafuta boriti ya nyumba ya zamani iliyobomolewa. Mti mbichi unadanganya: leo umekaza, miezi ikipita umesinyaa, na siku moja kichwa kinachomoka na kumpiga jirani. Tundu la mpini nalo linatobolewa pana upande wa juu, jembamba upande wa chini, na mpini unaingizwa kutoka juu. Hakuna msumari, hakuna gundi. Kadiri fundi anavyoitumia, ndivyo kichwa kinavyojikaza.

Tunasema haya kwa ajili ya kazi ya kuonyana. Wapo viongozi wanaomrudi kijana kwa nyundo ya chuma: Jumapili, kwa mikrofoni, mama yake akiwa ameketi pale pale. Kosa lilikuwa la kweli, hatukatai. Lakini mpini umepasuka, na kijana haonekani tena katika kwaya. Wengine wamepewa cheo jana, mti wangali mbichi, na leo wanataka kupiga!

Fungueni 1 Wafalme 6:7. Hekalu la Sulemani lilipojengwa, sauti ya nyundo haikusikika ndani yake. Mawe yalikuwa yamekwisha kuchongwa kule yalikotoka. Kuchongwa yalichongwa, tena sana, lakini si mbele ya watu. Bwana wetu, ambaye Marko 6:3 anamwita seremala, naye katika Mathayo 18:15 anaanza na watu wawili tu, peke yao. Na Wagalatia 6:1 inamwambia anayeonya ajiangalie mwenyewe: yeye na anayeonywa ni mti wa namna moja.

Basi wazee, wamama na wababa, mnayajua majina ya vijana ambao nafasi zao kwenye mabenchi ziko wazi. Wiki hii tutapita nyumbani kwao wawili wawili, jioni, bila barua mkononi. Tutaketi, tutakunywa maji watakayotupa, na tutawaacha wao waanze kusema.