Anayeitilia Shaka Dawa Mpya

Wengi katika sisi tukaao pwani huijua Isiolo kwa mbuzi na ngamia wake tu. Basi na ijulikane pia kwamba mwishoni mwa mwaka 2020 homa ya Bonde la Ufa iliingia huko, ikaua wachungaji. Si maradhi mapya. Yalitambuliwa karibu na Naivasha yapata mwaka 1930, na baada ya mvua kubwa za 2006 yaliua watu zaidi ya 150 katika Kenya. Mbu huyapeleka kwa mnyama. Mtu huyapata zaidi kwa damu ya mnyama mgonjwa, anapomchinja au kumzalisha.

Wanyama wana chanjo tangu zamani. Binadamu hana bado iliyoidhinishwa. Iko moja iliyotengenezwa Oxford, na mwaka 2025 ilianza kujaribiwa Kilifi kwa watu wazima waliojitolea. Hapo ndipo maneno yanapozuka barazani: ati twafanywa panya, ati damu yetu yauzwa. Hadithi ya mumiani haijafa, imebadili nguo tu.

Wako wasomi wanaoyaita haya yote ujinga, wakaishia hapo. Sisi hatukubaliani nao. Chanjo ya zamani ya mifugo, iitwayo Smithburn, ni rahisi na yafaa, lakini yaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Mfugaji asiyeambiwa hayo mapema, kisha akaona kondoo wake wakitupa mimba baada ya sindano, je, akiikataa ya pili ni mjinga? Ameona kwa macho yake, akapima, akahukumu. Na mtaalamu naye hufanya nini zaidi ya hayo? Kosa ni la aliyejua akanyamaza.

Hata hivyo shaka nayo ina haki yake, nayo ni kuuliza. Anayekataa bila kuuliza na anayekubali bila kuuliza ni hali moja. Na hapana njia ya kujua kama chanjo yafaa ila kwa mkono wa mtu. Yule wa Kilifi anayeutoa mkono wake huenda hatamshika ngamia maishani. Faida itamwendea mchinjaji wa Sericho asiyemjua. Twaona hiyo ni sadaka kubwa, kwa sharti awe ameelezwa madhara yake kwa lugha yake, na aweze kujitoa siku yoyote bila kuulizwa sababu. Ama maskini anayefuata nauli na fidia ya siku yake, hiari yake ni kamili? Hatudhani hilo lina jibu jepesi, na atakalopewa lisiwe kubwa hata likamfunga ulimi.

Na matokeo yakipatikana, mazuri au mabaya, yasisomwe katika majarida ya Ulaya peke yake. Yapelekwe Sericho, yasomwe kwa Kiborana na Kisomali, kisimani na msikitini, na wenyeji waulize watakayo.