Hakuniuliza, Sikumwambia

Ndugu msomaji, kuna swali moja limenikaa kichwani, na leo naomba tulibebe wote. Mtu anauza kitu chenye kasoro. Kila anachoulizwa anajibu kweli tupu. Lakini ile kasoro yenyewe haikuulizwa, naye akanyamaza. Je, huyu ni mwongo, au ni mfanyabiashara tu kama wengine?

Usiwe mwepesi wa kujibu. Nimelitupa swali hili kwenye vijiwe vya Kabwe na Soweto hapa Mbeya, nikalitupa tena Miyomboni kule Iringa, na kila mahali watu wamegawanyika nusu kwa nusu. Wapo wanaosema, "Kaka, macho unayo, fundi unaye, ulishindwa nini kukagua?" Wapo wanaosema kunyamaza ni uongo uliovaa shati safi. Mimi nimechagua kulitazama swali hili kupitia gari dogo, maana kwa vijana wa mjini siku hizi gari dogo ndiyo bidhaa ya kwanza kubwa tunayonunua, na ndiyo bidhaa inayoficha mengi kuliko zote.

Wazee wetu hawakuhangaika sana na jambo hili. Enzi zao gari lilikuwa la serikali, la misheni au la tajiri anayejulikana na mji mzima. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake mwenyewe za kigeni. Halafu Wajapani wakatufaa. Kule kwao gari jipya hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama inayouma. Wengi huona heri kuliuza. Nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Ndivyo Starlet zilivyotufikia, ikaja Vitz iliyoanza kutengenezwa 1999, ikaja IST ya 2002, ikaja Passo ya 2004 yenye injini ya silinda tatu. Vijana wanaziita bebi woka kwa dharau, lakini mwalimu, nesi na mama mwenye duka la vitenge Mwanjelwa wanazipanda na maisha yanakwenda.

Sasa, gari dogo la mkononi linapimwaje? Wengi wanapima kwa namba. Utasikia, "Hii namba D bwana, usilinganishe na hiyo namba B." Lakini ile herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii lilizaliwa lini, wala lilikotoka lilifanyishwa kazi gani. Gari la 2003 linaweza kuwa na namba mpya kuliko gari la 2008. Wengine wanapima kwa kilomita za kwenye dashibodi, na kila fundi anajua kilomita zinarudishwa nyuma. Heri utazame mpira wa pedali ya breki. Kilomita elfu sitini haziwezi kuumaliza mpira ule mpaka chuma kikachungulia. Tazama tairi pia, tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Na kwetu huku milimani kuna mtihani ambao Dar es Salaam hawaujui. Mji wa Mbeya uko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, na Iringa haiko nyuma sana. Hewa ni nyembamba, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo injini ya sentimita za ujazo 1,000, ambayo hata pwani haikuwa dume, ikifika Uyole imeshapungua. Maji nayo, kila mama anayepika maharage huku anajua, huchemka mapema: karibu nyuzi 94 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasichemke ovyo. Mfuniko ukichoka, au gasketi ya silinda hedi ikianza kuvuja, gari litatembea vizuri kabisa kwenye tambarare, halafu mlimani mshale wa joto unapanda kama moto wa kiangazi.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Mjomba wangu anaishi Mafinga. Alikuwa na Vitz, na alitaka kuiuza kwa sababu binti yake alikuwa anaingia chuo na ada ilikuwa haijatimia. Akaja mnunuzi, mwalimu wa sekondari kutoka Tukuyu, mtu mpole, wa makamo. Akalizunguka gari, akafungua boneti, akaliendesha mitaa miwili mitatu pale Mafinga, palipo tambarare. Akauliza: linakula mafuta? Halili. Liliwahi kugongwa? Hapana. Kadi iko kwa jina lako? Hii hapa. Yote yalikuwa kweli. Wakapatana bei, mwalimu akasema Jumamosi atarudi na hela. Katika maongezi akataja kwamba shida yake kubwa ni mama yake mzazi, ambaye kila mwezi hupelekwa kliniki Mbeya na mabasi yanamchosha.

Mimi nilikuwepo. Na nilijua, kama mjomba alivyojua, kwamba gari lile likipanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini linachemka. Barabara ya Tukuyu kuja Mbeya inapita Isongole, juu zaidi ya mita 2,000, ndipo iteremke Uyole. Jioni nikamwambia, "Mjomba, mpigie yule mwalimu umwambie habari ya joto."

Akanitazama. "Hakuniuliza."

"Lakini tunajua."

"Na mimi nilipolinunua nani aliniambia? Wewe mjomba wangu umesoma, haya niambie: nimesema uongo wapi? Alileta macho yake, angeleta na fundi. Nikimwambia, atashusha bei. Akishusha bei, ada ya dada yako utalipa wewe?"

Sikuwa na ada. Nikanyamaza, na tukala ugali kimya kimya.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba mjomba wangu, bila kujua, alikuwa anamtetea mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia habari ya mfanyabiashara anayefika kisiwa cha Rhodes na meli ya nafaka wakati watu wana njaa na bei iko juu. Anajua meli nyingine ziko njiani. Aseme, au auze kwanza? Wanafalsafa wawili wanapewa zamu. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje zile kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje na asidanganye. Zaidi ya hapo, kutosema siyo sawa na kuficha. Antipater wa Tarso anasema binadamu wote ni ndugu, na ukijua jambo linalomhusu ndugu yako ukamnyima kwa faida yako, umemficha. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater.

Waislamu nao wana simulizi la Mtume alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaambiwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu watu waione. Hapo hakuna aliyeuliza wala aliyedanganya kwa mdomo, lakini lile lundo lilikuwa linasema uongo lenyewe.

Na sheria yetu? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliirithi kwa Waingereza, na moyo wake bado ni kwamba mnunuzi ajihadhari. Inambana zaidi muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo kuliko mtu binafsi anayeuza gari lake moja, na mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Kwa hiyo mahakamani mjomba angekuwa na la kusema. Lakini sikuwa namuuliza kama atafungwa.

Tuupime utetezi wake basi. "Macho alileta." Ni kweli kuna kasoro za macho: rangi iliyopauka, kiti kilichochanika, tairi kipara. Hizo anayenunua akizipita ni shauri yake. Lakini kuna kasoro za mlima. Zinajulikana kwa aliyekaa na gari miaka miwili, hazijulikani kwa aliyekaa nalo nusu saa. Kwenye kasoro za aina hii muuzaji na mnunuzi hawako sawa hata kidogo. Mmoja anaona, mwenzake amefungwa kitambaa. Kumwambia aliyefungwa kitambaa kwamba angetazama ni mzaha.

"Na mimi hawakuniambia." Hii ndiyo hoja inayotembea zaidi mitaani, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwalimu wa Tukuyu siye aliyemuuzia mjomba. Deni la mtu mmoja halilipwi kwa kumkopa mwingine. Tukiipokea hoja hii, kila bovu litapita mkono kwa mkono mpaka limkute asiye na ujanja, au mgonjwa anayepelekwa kliniki.

Tena hasara haiishii kwa huyo mmoja. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu hayahaya magari ya mkononi, na mwaka 2001 kazi yake ilimfikisha kwenye tuzo ya Nobel. Hoja yake kwa lugha ya kijiweni ni hii: kama mnunuzi hawezi kulitofautisha gari zima na bovu, yote atayatajia bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anaibiwa, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la watu wanaonyamaza, hata kizuri hakijiuzi, kwa sababu hakuna anayekiamini.

Lakini hoja ya tatu ya mjomba, ile ya ada, hiyo siwezi kuitupa. Kesho yake alimpigia simu mwalimu. Sijui kilichombadilisha, hakuniambia na sikumuuliza. Mwalimu alishukuru sana, akasema atafikiria, na Jumamosi hakuonekana. Kila aliyekuja baadaye aliambiwa habari ya joto, na kila mmoja aliondoka. Mwisho gari lilichukuliwa na fundi wa Makambako kwa laki tisa pungufu ya bei ya mwalimu. Fundi huyohuyo alisema wazi, huku anacheka, kwamba kubadili gasketi na kuchonga silinda hedi kutamgharimu laki tatu. Mjomba akaijazia ada kwa kuuza misonobari yake iliyokuwa bado michanga. Mtu wa Mufindi anajua maana ya kuuza mti kabla ya wakati wake: umeuza mbao kwa bei ya fito.

Hesabu yake ni nyepesi. Laki tatu ilikuwa bei ya ubovu. Laki sita ilikuwa ya nini? Gari halikuharibika zaidi usiku ule alipopiga simu. Kilichoongezeka ni kwamba alisema kweli.

Bado naamini ilipaswa isemwe. Kuna kasoro za mfuko na kuna kasoro za roho, na gari linalozima mlimani usiku likiwa na mama mgonjwa ni la kundi la pili. Kipimo changu ni hiki: muuzaji ajiulize kama angempandisha mama yake mwenyewe kiti cha nyuma, na mnunuzi akiwa kwenye usukani, kutoka Mafinga mpaka Tukuyu. Akisita, basi kile kinachomsitisha ndicho anachopaswa kukitaja, awe ameulizwa au hajaulizwa.

Lakini tumezoea kuuweka mzigo wote wa maadili begani kwa muuzaji, kana kwamba mnunuzi ni malaika mwenye pochi. Nani anawafundisha watu wetu kunyamaza? Ni sisi wanunuzi. Mtu akitutajia kasoro moja tunahisi amezificha kumi. Asiyetaja hata moja tunampa mkono na bei kamili. Halafu jioni tunakaa kijiweni kulaani kwamba waaminifu wameisha.

Kwa hiyo nawageukia wenzangu mnaojipanga kununua bebi woka yenu ya kwanza. Jaribuni gari asubuhi injini ikiwa baridi. Tazameni moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma ni maji, mweusi ni mafuta yamezidi. Fungueni mfuniko wa oili, mkikuta rangi ya chai ya maziwa kimbieni. Lipandisheni mlima mrefu, na mkiteremka mlijaribu breki mapema, kabla Kitonga haijawajaribia. Ulizeni maswali mengi, kwa sababu asiyeuliza anampa mwenzake kishawishi. Na ikitokea mtu, kabla hamjauliza, akawaambia, "Jamani, hili gari linachemka mlimani," pigieni hesabu gasketi, mpunguze laki tatu. Zile sita mwachieni. Zina mwenyewe, na huenda zinasubiriwa chuoni.