Je, Mungu Alilichagua Yai?



Likizo iliyopita nilitoa semina parokiani kwetu, nikawaambia vijana kwamba Mungu amemchagua kila mmoja wao. Jioni mdogo wangu wa kike, ambaye ana sikoseli, akaniuliza: "Kaka, kama alinichagua mimi, basi na hii mifupa inayouma alinichagulia yeye?"

Digrii yangu yote ya falsafa ikanyamaza.

Nikarudi kwenye baiolojia ya sekondari. Seli zetu za kawaida zina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja ya baba, moja ya mama. Mwili ukitengeneza yai au mbegu, hufanya mgawanyiko uitwao meiosisi, zinabaki 23. Ila kabla ya kuachana, kromosomu za jozi moja hulala sambamba na kubadilishana vipande. Kisha kila jozi hugawanyika bila kujali jozi nyingine imeelekea wapi. Kwa hatua hiyo ya mwisho peke yake, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8. Na kwa wanawake, kule kubadilishana vipande hufanyika wakiwa bado hawajazaliwa. Yaani yai lililonileta mimi lilianza kuandaliwa mama akiwa tumboni mwa bibi!

Wengi tunaohubiri tunaishia hapo: "Unaona? Hakuna kama wewe!" Hoja hiyo ni nyepesi. Mapacha wa kufanana hutoka yai moja, jeni zao karibu ni zilezile, lakini ni watu wawili. Kanisa linafundisha kwamba kila roho huumbwa na Mungu moja kwa moja (Katekisimu, 366). Thamani yako haikutokana na hesabu ya kromosomu.

Tena, mchanganyo huohuo ndio uliomletea mdogo wangu ugonjwa. Wazazi wetu wote wawili wana jeni moja ya sikoseli, wala hawaumwi. Kwa kila mimba, uwezekano wa mtoto kupata mbili ni mmoja kati ya nne. Mimi nilipata moja. Yeye, mbili.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasema maongozi ya Mungu hayafuti bahati (Summa contra Gentiles, kitabu cha 3, sura ya 74). Mungu ameumba visababishi vinavyotenda kweli, na vingine vinaweza kwenda hivi au vile, hata kukosea. Kwa hiyo sikubali kumchora Mungu kama mtu anayechambua kromosomu ili binti fulani aumwe. Kumtaka mtu si kumtakia kila kilichomo mwilini mwake.

Lakini kuna kitu bado kinanisumbua. Usiku ule nilijikuta natamani lingekuja yai jingine, nikashtuka. Yai jingine lingekuwa dada mwingine. Huyu ninayemjua, anayenikosoa mahubiri, asingekuwepo.

Asubuhi nikamwambia, "Wewe Mungu alikutaka. Maumivu, sidhani."

"Hudhani, au una uhakika?"

"Uhakika ninao wa lile la kwanza."

Akanitazama kidogo, akacheka. "Haya frateri, niletee maji. Daktari amesema ninywe mengi."