Jina la Bibi Kwenye Daftari la Mwenyekiti

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko hilo la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 nchini Tanzania na kujeruhi mamia. Usiku ule familia nyingi za Bukoba zililala nje, zikiziogopa hata kuta zilizobaki zimesimama.

Kulipokucha likaja swali: nani aandikwe apate msaada?

Kuomba msaada wa Serikali huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, kukapitia kwa mtendaji, kukafika halmashauri na kamati ya maafa. Mwathirika huandikisha jina, kisha wakaguzi hupita kutazama hali ya nyumba. Ukizisoma, hatua hizo ni chache. Kwa bibi mjane ambaye karatasi zake zote zimefukiwa kwenye kifusi, ni safari ndefu. Anatakiwa athibitishe anapoishi, ilhali pale alipokuwa akiishi pamebaki rundo la matofali.

Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na nyingine zaidi ya 14,000 zikapata nyufa kubwa. Nyumba iliyoanguka hujieleza yenyewe. Iliyopasuka humlazimu mwenyewe aieleze: kwamba inasimama lakini hailaliki, kwamba mlango haufungi tena, kwamba watoto hukataa kuingia. Yuko pia mpangaji, kama walivyo wengi katika mitaa ya mjini kama Hamugembe. Nyumba ni ya mtu mwingine, lakini kitanda na masufuria yaliyopondwa ni mali yake. Daftari linalohesabu nyumba peke yake halimwoni.

Kwa watu wa Bukoba na Muleba, kuhama si jibu jepesi. Kibanja, yaani shamba la nyumbani, ndicho chenye migomba na kahawa, na ndimo walimozikwa wazazi na babu. Mtu hukaa hapo hapo, chini ya turubai ikibidi, na Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Tetemeko lilipiga vuli ikibisha hodi.

Misaada ilikuja. Wananchi na makampuni walichanga, Kenya ikaleta mabati, blanketi na magodoro. Lakini mwezi ule ule Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili mkoani, kwa madai ya kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Habari kama hiyo humchoma aliyelala nje kuliko baridi ya usiku.

Januari 2017 Rais alifika Bukoba na kusema wazi kwamba Serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Nguvu ingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, zilizobomoka vibaya, zilijengwa upya, Ihungo kwa mchango mkubwa wa Serikali ya Uingereza. Uamuzi huo una hoja yake: darasa ni la watoto wa wote. Kinachouma ni ile miezi iliyopita katikati. Aliyeandikwa Septemba alikuwa na haki ya kujua mapema kama ajenge au asubiri. Angejua, angeuza mbuzi, angekopa kwenye kikundi, angewapigia simu wanawe walioko Dar es Salaam, akapata hata chumba kimoja chenye bati kabla mvua haijakolea. Kwa aliyepoteza nyumba, jibu la mapema nalo ni msaada, hata likiwa ni la kunyimwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Huko chini ndiko kwenye macho ya karibu, maana jirani anajua nani alikuwa na nyumba na nani anaongeza chumvi. Kazi ianze kabla ya janga: mwenyekiti awe na orodha ya kaya zake, wapangaji na wazee wanaoishi peke yao wakiwemo.

Siku ardhi itakapotikisika tena, orodha hiyo ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, kwa herufi ambazo mjukuu wa darasa la tatu ataweza kumsomea bibi yake: jina lake, hali ya nyumba yake, alichopangiwa na tarehe ya kukichukua, na kama hakupangiwa kitu, sababu yake.