Stika ya Kijani

Gari alilolikodi München lilikuwa na stika ya kijani yenye namba 4 kwenye kioo cha mbele, na jamaa yetu, Mzanzibari aliyelowea Denmark, akajiaminisha kuwa hiyo ndiyo ruhusa ya kuingia kokote. Kumbe stika ile ni ya mambo ya moshi tu: inaonyesha gari linaweza kupita kwenye maeneo ya miji yanayokataza magari yenye moshi mchafu. Kwa vichochoro haina habari.

Yeye na familia yake walikuwa wakienda Regensburg, mji wa mto Danube ambao Warumi waliujengea ngome mwaka 179. Sehemu yake ya kale imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Daraja la Mawe, la karne ya 12, lilifungwa kwa magari ya binafsi mwaka 1997, basi anayetaka kulivuka ni miguu yake. Walipofika Stadtamhof, ng'ambo ya kaskazini, walikuta maegesho yana nafasi tele.

"Mwanangu, liache hapa tuvuke kwa miguu," alisema mama yake, aliyekuja kutembea kutoka Unguja.

"Mama, gari nimelikodi kwa hela, halafu twende kwa miguu?"

Bi mkubwa hakubishana. Akashuka na mjukuu wake, wakavuka taratibu. Ipo hadithi kwamba mjenzi wa daraja lile aliweka ahadi na shetani: amsaidie kumaliza kazi, naye atampa roho za watakaovuka mwanzo. Kazi ilipokwisha akatanguliza jogoo, kuku na mbwa. Mtoto aliisikia, akacheka mpaka kanisa kuu.

Baba mtu alizunguka kwa daraja jingine, simu ikimwelekeza. Mtu aliyezaliwa karibu na Hurumzi, kule Unguja, ambako hata vespa hubanana na ukuta, hakupaswa kuambiwa mitaa ya zamani ilivyo! Akaona kigari cha mizigo kinapenya, akakifuata. Kibao cha buluu chenye picha ya mtu mzima na mtoto kilikuwa wazi, na chini yake kibao kidogo kikitaja saa za wapeleka mizigo. Polisi alimsimamisha baada ya kona ya pili. Yuro 50.

Alipata nafasi nje kidogo, kwenye mtaa unaoruhusu saa mbili kwa diski, ile kadi ya buluu yenye saa ya kuzungusha. Utaratibu wake una ukarimu: ukifika saa tano na dakika kumi, mshale unauweka saa tano na nusu, muda uhesabiwe kuanzia hapo. Hilo alilipatia. Ila saa saba na robo alirudi, akauzungusha mshale hadi saa nane bila kulisogeza gari hata shubiri, akaenda zake. Anayekagua maegesho alikuwa ameshapita mwanzo na kuandika mshale ulipokuwa. Mshale kusogezwa hakuanzishi muda mpya.

Wiki kadhaa baadaye, Denmark, zilifika barua mbili. Ya mji ilidai yuro 20. Ya pili ilitoka kwa kampuni ya kukodisha magari: ada ya kuwapa wakuu wa mji jina na anwani yake, kama alivyokubali alipotia saini mkataba bila kuusoma. Ada ile ilikuwa kubwa kuliko faini yenyewe.