Meza ya Majani na Rafu ya Duka

Kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Kapkoros, mzigo wa mkulima haupokelewi ukiwa umefungwa. Majani humwagwa mezani, yakatandazwa, karani akayakagua. Kinachotakiwa kila mtoto wa huko anakijua: majani mawili na kichipukizi. Majani magumu yaliyofichwa chini ya yale laini hutengwa, na mwenyewe akarudi nayo nyumbani. Kanuni ya meza hiyo ni kwamba cha chini kilingane na cha juu. Naamini kanuni hiyohiyo ndiyo ipime kazi ambayo kijana wa Kericho au Bomet huenda kujifunza mjini, kazi ya kupanga bidhaa supamaketini. Chuo humpeleka atachimenti, naye huambiwa pakiti zote zielekee wateja, mzigo wa zamani ukae mbele na mpya nyuma, bidhaa yenye faida kubwa iwekwe usawa wa macho, na peremende zikae karibu na keshia pale mkono wa mtoto unapofika. Je, huo ni ufundi wa halali, au ni mazoezi ya kuhadaa?

Dini zetu hazikulinyamazia swali hili. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kazi yake Ihya, kwenye kitabu cha adabu za kuchuma riziki, kwamba muuza nguo anayeonyesha upande mzuri wa kitambaa na kuuficha ule mbaya amedanganya, na vilevile anayetandaza nguo mahali penye giza ili kasoro isionekane. Nyuma yake kuna hadithi mashuhuri ya Mtume aliyeingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikagusa unyevu; mwenye lundo alipojitetea kwamba ni mvua, aliulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Wakristo, ambao ndio wengi katika nchi ya chai, wanaye nabii Amosi, aliyewakemea wafanyabiashara waliopunja vipimo na kuuza makapi ya ngano. Jambo linalonigusa ni kwamba katika kisa cha nafaka muuzaji hakusema neno lolote la uongo. Mpangilio wa lundo ndio uliosema. Kwa hiyo kupanga ni kutoa ushahidi, na anayejifunza kupanga anajifunza kushuhudia.

Yuko atakayesema kwamba nikienda hivyo nitaharamisha uzuri wote, duka libaki ghala. Sivyo. Ghazali hakulaumu kutandaza nguo. Alilaumu kutandaza gizani. Bidhaa iliyozikwa nyuma ya maboksi haimfai anayeihitaji, na mama anayetafuta majani ya chai ya bei anayoimudu ametendewa wema akiyaona mara moja, bei ikiwa chini yake, pakiti zimenyooka na safi. Hata mzigo wa zamani kutangulizwa mbele si hila maadamu tarehe yake haijapita na inasomeka, kwa kuwa hivyo chakula hakiharibiki bure. Ubaya huanza pale mpangilio unapotegemea mtu asione: pakiti iliyochanika ikigeuzwa kuelekea ukuta, au lundo likisimamishwa mwisho wa safu pamoja na kibao kikubwa chekundu ili lidhaniwe limepunguzwa bei na kumbe bei ni ileile.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mnunuzi ni mtu mzima; anajua maduka hujipamba, basi na ajihadhari. Lakini mezani pale kituoni hatumwambii karani kwamba ilikuwa juu yake kushtuka. Mkulima akificha majani magumu, kosa tunamhesabia mkulima. Kwa nini basi mkulima huyohuyo, akiingia mjini na pesa za bonasi ya chai, aambiwe ajilinde mwenyewe? Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na haikuweka sharti la ujanja. Tena mtoto aliye mbele ya peremende si mtu mzima. Mpango ule umekusudia kumpita mzazi, na sioni hoja inayouokoa.

Limebaki lile la mwanagenzi mwenyewe. Hana cheo, mara nyingi hana mshahara, na anahitaji barua nzuri kutoka kwa msimamizi. Isitoshe, machandaiza wengi, yaani wapangaji bidhaa, nchini huwekwa na kulipwa na kampuni inayoleta bidhaa, si na duka, kwa hiyo anayemfundisha huenda anapigania nafasi ya rafu kwa niaba ya mwajiri wake. Kumtwika kijana huyu dhambi za biashara nzima ni dhuluma. Hakuandika bei. Hakuchora picha ya mchumaji mwenye kapu kwenye boksi la chai, picha inayoendelea kuuza wakati mashamba makubwa ya Kericho yameingiza mashine za kuchuma, ambazo baadhi yake zilichomwa moto na waandamanaji Mei 2023. Wenye kuwajibika kwa picha hiyo wako juu sana kuliko yeye. Anachowajibikia yeye ni kile ambacho macho yake yameona na mkono wake umegeuza. Udogo wake unapunguza mzigo huo, lakini hauufuti, kwa sababu mazoea ya mkono huingia mapema, na miezi mitatu ya kugeuza pakiti zilizochanika inatosha kumfanya asione tena kwamba anageuza kitu.

Ndiyo maana lawama yangu kubwa naielekeza kwa wanaompeleka. Mwalimu anayefika dukani kumkagua hutazama kama amehudhuria na kama kitabu chake cha kila siku kimejazwa. Amuulize pia ni bidhaa gani aliiondoa rafuni kwa sababu haikufaa kuuzwa, na msimamizi alisema nini alipoiondoa. Na chuo kikishajua kwamba duka fulani humwadhibu mwanafunzi kwa jambo hilo, kisimpeleke mwingine huko.